Mabingwa Watano wa Mbawani

Nchi gani ina kichwa kimoja na kofia tano, na hakuna hata kofia moja inayokikaa? Wageni waliovuka mto kuingia Mbawani walitegewa kitendawili hicho na shomoro wa mpakani kabla hata hawajajikung'uta vumbi. Wakishindwa walitoa mji, kama ilivyo ada, kisha wakajibiwa kwa kicheko: "Ni huku huku mlikofika!"

Mbawani ilikuwa nchi ya ndege, na mfalme wake alikuwa Jogoo. Kichwa ndiye yeye. Kofia tano ni mabingwa wa mpira. Maana kila msimu ulipokwisha, nchi ile moja ilipata mabingwa watano. Si wa michezo mitano, la. Mchezo ni ule ule, na mpira ni ule ule wa majani makavu ya mgomba yaliyosukwa. Ila palikuwa na vyama vitano, kila kimoja na ligi yake, marefa wake na kombe lake, na kila kimoja kiliapa kwamba vile vinne vingine havipo duniani. Kikubwa na cha zamani kilikuwa cha Tausi. Cha pili kilikuwa cha Njiwa wa mnarani, waliosali kabla ya mechi, wakasali wakati wa mapumziko, wakasali tena baada ya kumvunja mtu mguu. Vile vitatu vilikuwa vya ndege waliogombana na hao wawili, kisha wakagombana wenyewe kwa wenyewe.

Siku ya kuvisha mataji, Jogoo alikaa jukwaani tangu asubuhi. "Wewe ndiye bingwa wa Mbawani nzima!" alimwambia wa kwanza, kisha akala karamu aliyoletewa na chama chake. Akapanda wa pili. "Wewe ndiye bingwa wa Mbawani nzima!" na mdomo bado una makombo ya karamu ya kwanza. Hivyo hivyo mpaka wa tano. Jioni mfalme alishuka ngazi tumbo likiwa limemtangulia, na mawaziri nyuma yake wakiokota mabaki.

Kanga alikuwa amevishwa taji mara tatu. Alikuwa kipa wa timu ya Bondeni, katika chama cha Tausi, na tangu alipoanza kudaka hakuna aliyewahi kumwita kipa wa pili. Taji la kwanza alilining'iniza mlangoni. La pili alimpa jirani. La tatu alilitandika kiotani likalaliwa na vifaranga, nalo likanuka kama kitu kingine chochote kilicholaliwa na vifaranga.

"Shoga, taji la mfalme hilo!" Kwale alimkemea. Kwale alikuwa beki wake, ndege mfupi mwenye mdomo usiolala.

"Taji la bingwa wa nani?" Kanga akamuuliza. "Wa ndege wa Tausi peke yao. Nimemshinda nani mimi? Nimewashinda wale wale ninaokutana nao kila siku kisimani."

Kanga alikuwa na hamu moja tu. Ng'ambo ya mto walikaa Mabata, wenye ligi moja na bingwa mmoja, na kila msimu walicheza na falme nyingine. Alitaka asimame mara moja langoni mwa Mbawani, Mbawani yote, awadakie Mabata wale mashuti yao yaliyokuwa yakisimuliwa vilabuni. Mara moja ingemtosha. Vifaranga wake walikuwa wamekwisha kuota manyoya ya kikubwa, na bawa lake la kushoto lilikuwa limeanza kumuuma asubuhi za baridi. Alijua hana misimu mingi.

Njia ya kufika huko ilikuwa moja. Kisiwani kwa Korongo palikuwa na Baraza la Falme, na ndilo lililopanga nani acheze na nani. Sheria yake ilikuwa fupi: kila ufalme una kigoda kimoja, na ngoma ya mchana ikilia, aliyekikalia ndiye mwenye kauli ya ufalme wake mpaka vigoda vichongwe upya. Cha Mbawani kilikaliwa na Tausi, ambaye hakuwahi kuomba mechi hata moja. Njiwa naye alikuja kila kikao, akasimama mlangoni na kuwasalimu wanaoingia na wanaotoka, kwa upole mtupu, na jicho lake halikutoka kwenye kile kigoda.

Mwaka ule Tausi alimchukua Kanga kwenda barazani. Kanga alifurahi mpaka usiku hakulala, akidhani anapelekwa kama mchezaji. Alipofika ndipo alipoambiwa kazi yake: kushika mkia. Mkia wa Tausi ulikuwa mrefu, kisiwa kina matope, na mheshimiwa haburuzi mkia matopeni.

Kikao kilipoanza, Tausi alisimama. Chama chake kiliitwa Chama cha Usafi, na sheria yake kuu ilikuwa kwamba ndege anayekula chochote kwa sababu amecheza mpira, hata punje moja ya mtama, amenajisika milele. Yeye mwenyewe alilishwa katika bustani ya mfalme asubuhi, mchana na jioni, kwa hiyo usafi haukumgharimu kitu. Kanga, aliyepoteza siku nzima ya kuchakura kila alipokwenda mechi ya mbali, alikuwa akirudi nyumbani anaona vizunguzungu. Msafi kabisa.

"Waheshimiwa," alisema Tausi, "nataka baraza hili litoe amri leo: ndege aliyekula kwa ajili ya mpira asicheze na ufalme wowote."

Korongo, mwenyekiti, alibadilisha mguu wa kusimamia. "Mheshimiwa Tausi, kila ufalme una utaratibu wake. Mabata wakiwapa wachezaji wao uji baada ya mechi, uji huo huunywi wewe."

"Tena una nazi!" alisema Bata, nahodha wa Ng'ambo, na baraza zima likaangua kicheko.

Tausi hakuzoea kuchekwa. Shingo ilimvimba, rangi zikamcheza. "Basi mimi natoka! Na kila mwenye heshima humu ndani atanifuata!" Akafunua mkia wote, ukajaa ukumbi kama pazia, ukamponyoka Kanga mikononi. Kisha akatoka kwa mwendo wake ule wa kupimia hatua.

Kanga akamfuata, kwa kuwa ndiyo kazi aliyoletewa. Akiwa mlangoni aligeuka. Falme zote zilikuwa zimekaa vile vile. Batabukini alikuwa anajikuna. Aliyesogea alikuwa mmoja tu, Njiwa, na hakuwa anaelekea nje.

"Unawasikia?" Tausi alimuuliza njiani, macho mbele. Mkia aliokuwa ameusimamisha nyuma yake ulimziba asione kitu chochote kilichomfuata. "Wanakuja wote hao."

"Mheshimiwa, ni mkia wako huo unaokwaruza majani."

"Kanga, wewe shika mkia, usishike mazungumzo."

"Kigoda chetu kiko kitupu, mheshimiwa. Njiwa yumo ndani. Hebu geuka uone mwenyewe."

"Tausi hageuki," alisema Tausi. "Tausi hugeukiwa."

Wakaenda hivyo mpaka kwenye daraja la magogo. Lilikuwa jembamba, na mtu hawezi kulivuka na pazia mgongoni. Ikabidi aukunje. Ulipokunjwa, akaona njia yote waliyopita, nyeupe, tupu, haina mtu, ila kinyesi chake mwenyewe alichokidondosha kwa hasira. Na hapo hapo ngoma ya mchana ikalia kutoka kisiwani.

Njiwa alikuwa amekalia kigoda hata hakijapoa.

*

Tausi alirudi Mbawani akatangaza kwamba ameitoa dunia katika chama chake, na kwamba dunia itajuta. Timu zake zikakatazwa kuvuka mto. Zilizidi kuwa safi. Zilicheza zenyewe kwa zenyewe, msimu baada ya msimu, na bingwa akatangazwa kwa tarumbeta ndefu kuliko mwanzo.

Timu ya Mbawani sasa iliteuliwa na Njiwa, na Njiwa aliteua ndege wa mnarani peke yao. Kipa alikuwa kinda la njiwa lililofumba macho kila shuti likija, likiomba. Mabata wakalipiga mabao kumi na saba. Kanga aliiangalia mechi hiyo ukingoni, ameyakalia mabawa yake ili yasiruke yenyewe. Kila bao alilijua kabla halijaingia: hili la kupangua, hili la kutokea mbele, hili hata kwa kifua lingezuilika.

Kesho yake alipanda mnarani.

"Karibu, mwanangu, karibu," alisema Njiwa, sauti laini kama pamba. "Mlango wetu uko wazi kwa kila mtu. Utaapa tu kidogo."

"Niape nini, mzee wangu?"

"Kwamba Tausi si ndege."

Kanga akatazama chini, akatazama juu. "Lakini ni ndege."

"Basi mlango umefungwa, mwanangu. Ushuke salama, ngazi zinateleza."

Hakuwa amefika chini habari zikawa zimekwisha kumfikia Tausi. Kikaitwa kikao cha Chama cha Usafi. Hakushtakiwa kwa kupanda mnarani, maana hilo lingekuwa kukiri kwamba mnara upo. Alishtakiwa kwamba msimu uliopita, baada ya mechi ya Mlimani, mama mmoja wa huko alimpa kikombe cha mtama uliochemshwa, naye akala.

"Ulikula, hukula?" Tausi aliuliza.

"Nilikula. Nilikuwa naanguka kwa njaa, mheshimiwa. Yule mama aliniona nimeshika mti."

"Punje ngapi?"

"Jamani! Ninyi mnaokula kwa mfalme, na ninyi huwa mnahesabu?"

Ndege wa kamati walikohoa. Walikuwa wametoka kula. Mmoja alikuwa na jani la mchicha bado linaning'inia mdomoni, nalo lilitikisika alipokuwa akiinua bawa kuunga mkono adhabu. Kanga akafungiwa kucheza.

Ndipo Kwale alipomwambia, "Twende kwa mfalme. Atufukuze yeye mwenyewe, tujue tumefukuzwa na mkubwa."

Jogoo aliwapokea akiwa amelala ubavu, watumishi wawili wakimchokonoa meno asiyokuwa nayo. Kanga alieleza yote bila kuremba. Aliomba kitu kimoja: mfalme aamuru iundwe timu moja, kila ndege ajaribiwe uwanjani, anayeweza acheze.

Jogoo alimsikiliza mpaka mwisho, na hilo lenyewe lilimtia Kanga matumaini. Kisha mfalme akacheka taratibu.

"Mama Kanga, wewe ni mchezaji mzuri, lakini ufalme huujui. Nikiwa na chama kimoja, nitakuwa na bingwa mmoja na karamu moja. Hilo dogo. Kubwa ni hili. Ghala la mtama liko tupu, unajua?"

"Tunajua, mtukufu. Tunalala nalo."

"Mnajua, lakini hamniulizi. Mmewahi kuniuliza? Hamna nafasi. Wa Tausi wanauliza kwa nini wa Njiwa wanajiita mabingwa. Wa Njiwa wanauliza kwa nini Tausi anajiita msafi. Wale wengine wanauliza kwa nini hao wawili wanazaliwa. Nyumba haina unga, na baba na mama wanagombania rangi ya jezi." Akafuta kicheko machoni. "Mimi nani niwaharibie?"

Walitoka, wakaenda mpaka kwenye mkuyu wa njiapanda. Hapo Kwale akatema mate. "Nimesikia harufu," alisema. "Wewe hukusikia? Kama yai viza."

"Nimesikia," alisema Kanga. "Nami nilidhani ni Tausi tu anayenuka, kumbe wote wanatoka kiota kimoja."

*

Mfalme angeendelea hivyo mpaka uzee wake, lakini Mabata walichoka. Nahodha Bata alituma ujumbe: kupiga mabao kumi na saba si mchezo, ni kazi ya shamba. Ama Mbawani ilete timu ya kweli, ama isiwaite tena. Na Mabata wakisusa, karamu ya Ng'ambo ya kila baada ya mechi, ile aliyoipenda Jogoo kuliko zote kwa ajili ya samaki wa kukaanga, ilikuwa imekwenda. Siku ile ile mfalme akaamuru umoja.

Ikabidi Tausi aende mnarani. Alikwenda mvua inanyesha, na Njiwa alimwacha nje akimaliza sala, sala ndefu kuliko alizowahi kusali. Alipofunguliwa, ule mkia ulikuwa kama matambara ya kudekia, na vifaranga wa njiwa waliuchungulia wakizibana midomo.

"Karibu, ndugu yangu," alisema Njiwa. "Nasikia umeipokea tena dunia."

Wakakaa, wakala, wakagawana. Si kupima nani anaweza; kugawana. Winga ya kulia ya Tausi, ya kushoto ya Njiwa. Beki mmoja huku, beki mmoja kule. Vile vyama vitatu vidogo vikapewa kazi ya kubeba maji, vikapigana juu ya nani ashike ndoo. Walipofika kwenye kipa wakakwama. Tausi alikuwa na mpwa wake, Njiwa alikuwa na lile kinda la maombi. Wakabishana mpaka chakula kikapoa. Mwisho wakakubaliana kama wakubwa: makipa watakuwa wawili.

Siku ya mechi Mbawani yote ilishuka uwanjani, yenye kula na isiyokula. Bata alipoona makipa wawili langoni aliwauliza kama ni sherehe ya harusi. Korongo, aliyekuwa refa, alisema sheria haijui kitu kama hicho. Bata akasema, "Waacheni, wekeni hata watatu. Sisi hatuna haraka."

Shuti la kwanza lilikuja polepole. Mpwa wa Tausi akamtazama kinda. Kinda likamtazama mpwa wa Tausi. Mpira ukapita katikati yao kama mgeni aliyekuta wenye nyumba wamenuniana. La pili waliliendea wote wawili, wakagongana vichwa. Mapumziko yalipofika mabao yalikuwa tisa, na makipa wote wawili walikuwa wamebebwa kutolewa nje, mmoja kwa kuvimba jicho, mmoja kwa kulia.

"Kanga! Tunamtaka Kanga!" Shomoro walianza, chiriku wakapokea, mwisho hata ndege wa mnarani wakaita.

Kanga alikuwa amesimama katikati ya umati na Kwale. Ile mara moja aliyoitamani maisha yake yote ilikuwa inaitwa kwa jina lake.

Tausi akainuka jukwaani. "Ataingia, lakini kama wa chama changu. Adhabu nimemfutia sasa hivi."

"Ndugu yangu," alisema Njiwa, "ndege uliyemfukuza si wako tena. Ataingia kama wa mnarani. Kiapo ni kifupi."

"Hataapa!"

"Ataapa!"

Wakasukumana vifua mbele ya mfalme. Mabata walikuwa wamekwisha kurudi uwanjani, wamesimama, wanangoja. Lango la Mbawani lilikuwa wazi, halina mtu.

Kanga aliwatazama wale wakubwa, manyoya yakiwapeperuka, mate yakiwaruka, na kitu kilichokuwa kikimchafua moyo miaka yote kikatulia. Si kwamba aliwasamehe. Aliona tu kwamba hana la kuwaomba. Akaupita umati, akaupita mstari, akaenda langoni akasimama.

"Wewe ni wa chama gani?" Korongo akamuuliza, maana alipaswa kuuliza.

"Mimi ni kipa," alisema Kanga. "Na hilo ni lango."

Korongo alibadilisha mguu, akafikiri, akapiga filimbi.

Shuti la kwanza Kanga alilipangua juu ya mwamba. La pili alilikumbatia. La tatu lilimshinda bawa likaingia, akainuka na udongo mdomoni, akautema, akamfokea beki wa mnarani asimame pale anapomwambia, na beki akasimama. Kwale naye alikuwa amekwisha kuruka ndani bila kuitwa na mtu, akachukua nafasi ya winga wa Tausi aliyekuwa ameketi anajitazama kwenye dimbwi. Umati ulipiga kelele mpaka majani yakadondoka. Nao hawakuwa wakiita jina la chama chochote.

Jukwaani nako kelele hizo zilisikika. Tausi aliacha kumsukuma Njiwa. Njiwa akaacha kudai kiapo. Wakatazamana, kisha wote wawili wakamtazama Jogoo, na Jogoo akaitikia kwa kichwa. Kwa mara ya kwanza tangu mpira usukwe Mbawani, vyama vyote vilikubaliana. Hata wale wa kubeba maji waliinua mabawa kuunga mkono.

"Mtoeni," alisema mfalme.

Vipanga, walinzi wake, walitazama uwanja. Ukingo mzima umati ulikuwa umesogea mpaka kwenye mstari, kuku wenye makinda mgongoni, shomoro juu ya shomoro, na wote walikuwa wanawatazama wao. Kipanga mkubwa akaanza kuzikagua kucha zake kwa makini, kama aliyeona uchafu.

"Nimesema mtoeni! Mechi imekwisha!"

Kona ya Mabata. Bata alikuwa anaupanga mpira.

Jogoo akapanda juu ya kiti cha enzi, akajinyoosha, akawika kwa nguvu zake zote, ule mwito wa kufunga kila shughuli katika nchi yake.

Bata akapiga kona. Kanga akatoka kuifuata.

Jogoo akawika tena.

"Wangu!" alipiga kelele Kanga, na mabeki wakampisha.